Suti ya mvua ya bodaboda: kagua msamba kabla ya bei

Habari zenu, maafisa usafirishaji. Kabla sijaongea mengi, tazameni hapa. Mnauona huu mshono wa msambani? Masika iliyopita ulinilowesha kutoka Kimara hadi Posta, na suti nilikuwa nimeinunua juzi yake. Kushuka tu, abiria anaitazama suruali yangu, mimi natazama pembeni. Alilipa akaondoka bila neno.

Sasa sikilizeni. Ukiwa umekaa kwenye pikipiki, maji yote ya kifuani yanateremka yanatuama mapajani. Na pale msambani ndipo mishono minne inapokutana. Sindano ikipita imeshatoboa, kwa hiyo kitambaa hata kiwe kinene kama turubai, maji yatapita kwenye matundu ya uzi. Ndiyo maana ukifika Kariakoo, muuzaji akianza kukuvutia kitambaa uone kilivyo kigumu, mwambie asante, halafu geuza suruali ndani nje.

Hapa nina tatu. Hii poncho ya elfu tano ni ya mtembea kwa miguu. Kwenye pikipiki inapepea, pindo likinasa kwenye cheni umekwisha. Tuiweke pembeni.

Hii ya pili ni PVC, ile nzito ya kung'aa, nimeipata kwa elfu ishirini na tano baada ya kupatana sana. Ya tatu ni nailoni yenye mpako kwa ndani, elfu arobaini. Ni nyepesi, ukiikunja inaingia chini ya siti.

Jana nilimkalisha mdogo wangu kwenye pikipiki, tishu kavu ndani ya suruali, nikammwagia maji mapajani kwa jagi, taratibu, dakika tatu. Alinitukana kidogo. PVC: tishu imetoka kavu, kwa sababu mishono yake haikushonwa, imeunganishwa kwa moto. Nailoni: oneni, tishu imelowa. Ndani kuna utepe wa kuziba mshono, lakini hapa msambani umebanduka, kucha inaingia. Ukiona hivi dukani, rudisha.

Mbona basi nisiseme mnunue PVC tu? Kwa joto la Dar! Haipitishi hewa kabisa. Ukifika Ubungo, jasho limeshakulowesha kuliko mvua yenyewe. Na ikigusa ekzosi inayeyuka palepale. Hili tundu hapa kwenye shavu la mguu ni la siku ya pili tu.

Mimi navaa suruali ya PVC na koti la nailoni. Wauzaji wanapenda kuuza seti, lakini patana nao wakuuzie kipande kimoja kimoja.

Unapojaribu, usisimame kama unapiga picha ya pasipoti. Kaa, kunja magoti, nyoosha mikono kama umeshika usukani. Suruali ikipanda juu ya kifundo, chukua saizi inayofuata. Mguu wa suruali ukae nje ya buti. Ukiuchomeka ndani umetengeneza mfereji. Zipu iwe na kipande cha kuifunika, na kola ifunge shingo vizuri. Kofia ya koti achana nayo, ukiivalia ndani ya helmeti shingo haigeuki vizuri.

Rangi: najua mnapenda nyeusi, haionyeshi uchafu. Lakini mvua ikikolea jioni, dereva wa lori hakuoni. Chukua ya njano. Na ile mistari inayoakisi mwanga, ikiwa mgongoni tu, ukimpakia abiria amekwisha kuiziba. Tafuta yenye mistari mikononi pia.

Ukirudi nyumbani itundike kivulini mpaka ikauke. Ukiikunja mbichi, kesho inanuka, abiria anakaa mbali nawe hadi siti inamwishia.

Haya, manyunyu yameanza na kuna mteja ananipigia. Ngoja niivae hii yenye tundu.