Kuthibitisha mawasiliano ya redio kutoka Tanga: uzoefu wangu na Logbook of The World

Kwa yeyote mwenye leseni ya redio ya ridhaa (redio ya kujifurahisha, si ya biashara) hapa Tanga, naipa Logbook of The World nyota nne kati ya tano. Sisi tunaiita LoTW. Inaendeshwa na ARRL, chama cha waendesha redio wa ridhaa wa Marekani kilichoanzishwa mwaka 1914, na imekuwa ikifanya kazi mtandaoni tangu 2003. Kazi yake ni moja tu: watu wawili wakisema kwamba waliwasiliana kwa redio, LoTW inathibitisha kuwa ni kweli.

Asiyeijua shughuli hii huona jambo hilo ni dogo. Umeongea na Mjapani aliye zaidi ya kilomita 11,000 kutoka Sahare hapa Tanga, kwa waya wa mita kumi uliofungwa kwenye minazi miwili na redio ya wati 100, si inatosha? Kwako inaweza kutosha. Yeye bado ana shida. Wenzetu wengi wanakusanya nchi, na tuzo wanayoihangaikia zaidi, DXCC, inataka uthibitisho wa nchi au maeneo 100 tofauti katika orodha yenye maeneo 340. Wengine wanaitafuta orodha nzima, tena kwa kila bendi, yaani kila kipande cha masafa. Alama zetu za wito, yaani herufi na namba zinazotambulisha kituo, zinaanzia 5H, na wanaosikika hewani kwa alama hiyo ni wachache. Ndiyo maana ukiita jioni kwenye bendi ya mita 20 au ya mita 15, dakika chache baadaye unavamiwa na umati wa sauti kutoka Italia, Urusi, Ujerumani, kila mmoja anataja alama yake juu ya ya mwenzake. Unawajibu mmoja mmoja. Yule uliyempa "59" (ripoti kwamba unamsikia vizuri) akakujibu na kushukuru amengoja zamu yake kwa uvumilivu, na anaondoka akiamini jina lake limo kwenye daftari lako la mawasiliano. Mimi nalihesabu hilo kuwa deni. Kumwitikia mtu hewani, kisha kumnyima uthibitisho, ni kumkaribisha mlangoni na kumwachia njaa.

Zamani deni hilo lililipwa kwa kadi za QSL, kadi za posta za kuthibitisha mawasiliano. Nazipenda kadi, na ninazo kwenye boksi: milima, minara ya taa, mbwa wa mwenye kituo, antena zilizofunikwa na theluji. Lakini kadi ni gharama. Unachapisha, unanunua stempu, na anayeomba kwa uungwana anakutumia dola au kuponi ya majibu ya kimataifa ndani ya bahasha. Bahasha hizo si zote zinafika. Zangu kadhaa zilipotelea njiani, kwenda na kurudi. Ukipitia ofisi za vyama vya redio zinazosambaza kadi kwa pamoja, gharama inapungua ila mtu anaweza kungoja miaka. Kwa kituo cha Tanga chenye mamia ya waliokuita, kumjibu kila mmoja kwa posta si jambo la mfuko wa kawaida.

LoTW haitumi kadi wala picha. Mimi napakia daftari langu, Mjapani anapakia lake, na kompyuta inalinganisha: alama zote mbili za wito, bendi, aina ya mawasiliano (sauti, Morse au dijitali), na saa, ambayo haitakiwi kutofautiana zaidi ya dakika 30. Vikikubaliana, kila mmoja anauona uthibitisho kwenye akaunti yake. Visipokubaliana, hakuna anayeona kitu. Hapo ndipo ninapoiheshimu zaidi huduma hii, kwa sababu huwezi kuchungulia daftari la mwenzako ukanakili. Kila rekodi inasainiwa na programu ya TQSL kwa cheti cha kidijitali chenye alama yako, kwa hiyo mtu wa pembeni hawezi kujifanya yeye ni kituo cha Tanzania. Kupakia ni bure. Unalipa pale tu unapotaka uthibitisho uhesabiwe kwenye tuzo.

Jambo la saa nitalisema kwa kirefu, maana vijana ninaowasaidia huku Ngamiani na Chumbageni wengi hukwama hapo. LoTW inataka UTC, saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Sisi nasi tunahesabu saa kuanzia macheo. Ukiongea na Brazili saa tatu usiku, simu yako inaonyesha 21:00, na daftari linatakiwa liandike 18:00. Kuna saa za aina tatu kichwani, na uvumilivu wa LoTW ni nusu saa tu. Tarehe nayo ina mtego wake: kuanzia saa sita usiku mpaka saa tisa, kwa UTC bado ni jana, na huo ndio wakati ambao bendi ya mita 40 inaweza kuwa tamu. Mawasiliano halali kabisa yanakaa bila kuthibitishwa kwa sababu ya tarehe. Dawa yake ni rahisi. Mimi nimetundika saa ya ukutani juu ya redio, inayosoma UTC peke yake, na nimeandika chini yake kwa maandishi makubwa ili mtu wa nyumbani asiitegemee kwa swala. Wanaotumia FT8, ule mtindo wa dijitali uliotolewa mwaka 2017 na Joe Taylor na Steve Franke, wanajua ukali wa saa kuliko sisi wa sauti: ujumbe unatoka kila sekunde 15, na saa ya kompyuta ikipotea kwa sekunde mbili tatu hakuna anayekusoma. Umeme ukikatika na intaneti ikaondoka nao, kagua saa kabla ya kurudi hewani.

Kuandikishwa ndiko kunakochosha. Mtu wa nje ya Marekani anatakiwa kupeleka nakala ya leseni yake, kwetu ni ile ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, pamoja na nakala ya kitambulisho kingine rasmi, kisha angoje wakague. Unaombea cheti kwa faili ambalo TQSL inalitengeneza, na jibu linarudi kama faili jingine linalofanya kazi kwenye kompyuta ileile uliyoombea. Ukibadilisha kompyuta katikati umeanza upya. Maelezo yote ni ya Kiingereza, kurasa zina sura ya miaka ya 2000, na maneno yake hayamhurumii mgeni. Nyota ya tano nimeizuia kwa ajili hiyo. Huduma inayotegemewa na dunia nzima ingeweza kumpokea mtu wa Tanga kwa upole zaidi. Hata hivyo sitaki waache kukagua leseni, maana bila ukaguzi huo uthibitisho wenyewe ungekuwa maneno matupu.

Cheti kinaisha baada ya miaka mitatu. Hifadhi nakala yake nje ya kompyuta, kwenye flashi na mahali pengine tena. Hewa ya bahari inakula viungio vya antena, na kompyuta haiiachi.

TQSL itakutaka ueleze kituo chako kilipo. Kwa migawanyo ya dunia inayotumiwa na wenye redio, Tanzania iko kanda 37 ya CQ na kanda 53 ya ITU. Kuna pia mraba wa gridi, yaani kipande cha ramani ya dunia chenye msimbo wake, na huu usiuruke. Mji wa Tanga umo KI94, mraba mmoja na Muheza, Pangani, Korogwe na sehemu kubwa ya Pemba. Lushoto iko juu yake, KI95, na Bagamoyo chini yake, KI93. Wapo wanaokusanya miraba kama wengine wanavyokusanya nchi, hasa kwenye mita 6, na kwao KI94 ni lulu. Ukiacha nafasi hiyo tupu umempa nchi ukamnyima mraba.

Mwezi Mei 2024 wahalifu waliingilia mifumo ya ARRL, na LoTW haikupatikana mpaka Julai. Daftari langu lilikuwa salama nyumbani, kwa hiyo nilisubiri tu, kisha nikapakia. Asiyekuwa na daftari lake mwenyewe, anayeiachia tovuti itunze kila kitu, na alichukulie hilo kwa uzito.

Kuna mzee Raskazone aliyekuwa akirusha mawimbi miaka mingi kabla yangu, na madaftari yake ya karatasi bado anayo, mwandiko safi, kila saa imeandikwa kwa UTC. Nilimwomba niyaingize kwenye kompyuta. "Mwanangu, hizi karatasi nani anazitaka leo?" aliniuliza. Nikamwambia, mzee, LoTW haikatai mawasiliano ya zamani, na DXCC yenyewe inahesabu kuanzia 15 Novemba 1945. Leseni yake ya zamani alikuwa ameitunza, tukaomba cheti kwa alama ile. Tulipopakia, yakaanza kukubaliana na madaftari ya Wafini na Waitaliano ambao nao, huko kwao, walikuwa wamekaa wakayachapa ya kwao. Mzee akavaa miwani, akasoma alama zile moja baada ya nyingine. Kwenye moja akasimama: "Huyu wa Genova tulikuwa tukiongea sana. Mzima bado?" LoTW haina jibu la swali kama hilo. Inaonyesha alama, tarehe, bendi, basi. Hapo kadi ya karatasi inaishinda mbali, na ndiyo sababu akija mtu akaomba kadi kwa bahasha, nampelekea mpaka leo.

Mbadala zipo. eQSL inakupa kadi yenye picha kwenye skrini na kujiunga ni kwepesi, ila ARRL haiikubali kwa DXCC. Daftari la QRZ ni zuri kwa kutazama, nalo uthibitisho wake hauingii DXCC. Club Log, tovuti nyingine ya madaftari, naitumia sambamba, kwa sababu anayetaka kadi anaweza kuiombea humo bila kunitumia bahasha kwanza. Lakini ukiniuliza ni ipi ya kuanza nayo kama muda wako ni mdogo, nitakwambia LoTW, hata kwa ugumu wake, kwa kuwa ndiyo inayomfikisha yule aliyekuita pale anapotaka kufika.

Basi ukishapewa leseni, omba cheti wiki ileile, kabla hata antena haijapanda, ili ukaguzi wa nyaraka uendelee wakati unatafuta kebo. Pakia kila baada ya kikao. Wanaotumia FT8 wengi hupakia papo hapo, na baadhi huangalia usiku uleule kama umewathibitisha. Na kama uko Pangani, Muheza au Korogwe na una daftari limelala kwenye droo, KI94 ni yako pia, wapo wanaoingoja.