Nia ya misa au makaburini?

Novemba, mwezi wa marehemu kwetu Wakatoliki, ikifika Bagamoyo swali ni lile lile, bibi yako marehemu kama yuko toharani (roho inakosafishwa kabla ya kuingia mbinguni) umuwekee nia ya misa, yaani misa isomwe kwa ajili yake, au uende makaburini? Misa ni rahisi, unaandikisha jina lake parokiani, unatoa sadaka, basi, na hakuna sala inayozidi Ekaristi kwa marehemu. Makaburini ndo kuna kazi: tarehe 1 mpaka 8 ukienda kumwombea unampatia rehema kamili, yaani kufutiwa adhabu zote zilizobaki za dhambi zilizokwisha kusamehewa, ila lazima uungame, ukomunike, usali kwa nia za Baba Mtakatifu na using'ang'anie dhambi hata zile ndogondogo (hapo ndo wengi tunakwama jamani), na ni moja tu kwa siku. Mi nachagua makaburini, misa anaweza kuniwekea hata shangazi aliyeko Tanga.