Ngezi, Pemba: ulipie usiku, mchana si lazima

Pemba ina ndege wanne wasiopatikana kwingine duniani: bundi mdogo, ninga (njiwa wa kijani), chozi (kandege kanyonya maua), na kale kandege ka kijani-njano kenye duara jeupe machoni. Wageni wengi huingia Msitu wa Ngezi saa 4 asubuhi, jua limeshapanda na ndege wamenyamaza, wakatoka wamemwona tumbili na hondohondo, basi. Kosa si la msitu.

Anayestahili nauli ya kwenda Konde, mji ulio karibu na msitu, ni bundi. Ana urefu wa sentimita 20 hivi, wengine wekundu kama jani kavu, wengine hudhurungi, hivyo kumtafuta mchana ni kupoteza muda. Kiza kikishaingia huita “hu” moja, akanyamaza, kisha “hu” nyingine, bila mpango. Kelele za kulia kama mtoto ni za komba, usizifuate. Ukimsikia simama, ngoja aite mara tatu au nne ujue yuko mti gani, ndipo uwashe tochi. Mwanga hafifu unatosha, tena kwa muda mfupi. Anayemchezea mlio wa bundi kwenye simu mfululizo humkera tu, na ndege akinyamaza safari imekwisha. (Wapo wanaoona bundi ni nuksi, mwambie dereva mapema unakwenda kutafuta nini.)

Matembezi ya usiku yapangwe mchana huohuo pale getini: bei, saa, na nani atakuongoza. Usafiri wa kurudi uwe umeshauafiki kabla, maana daladala za Konde usizitegemee saa hizo. Chukua viatu vya kufunika, dawa ya mbu, na betri za akiba. Msimu wa masika njia huteleza na mvua ikipiga majani husikii kitu. Usiku wa mvua ahirisha.

Hao watatu waliobaki huhitaji kupita getini kuwaona. Chozi dume, mweusi wa kung'aa kijani na utepe wa zambarau kifuani, yumo kwenye maua ya bustani na minazi. Kale ka duara jeupe hutembea kwa makundi, kakilialia, hata kwenye mikarafuu. Ninga ndiye msumbufu: ni wa kijivu kichwani na kifuani, mgongo kijani, na akitulia kwenye majani humwoni. Tafuta mkuyu wenye matunda yaliyoiva, fika kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, ukae. Matunda yakidondoka bila upepo, yuko juu.

Darubini ya 8x42 (inayokuza mara 8) inafaa kuliko ya kukuza mara 10: kivulini picha yake huwa angavu zaidi na haitikisiki sana mkononi.

Ukipita kwenye michikichi, inua macho: tai mweupe mwenye mbawa nyeusi anayekula matunda yake yupo Pemba kwa wingi, na hana haja ya tiketi.