Hans Zimmer Live in Prague: tafuta spika za maana kwanza

Mimi mpiga besi wa kwaya, kwa hiyo DVD hii ya Hans Zimmer, mtunzi wa muziki wa filamu, niliinunulia masikio. Tamasha lilirekodiwa Prague, Mei 2016, zaidi ya saa mbili, na huonyeshwi vipande vya filamu: ni taa, wapigaji na muziki, basi. Zimmer anaanza taratibu kwenye piano, wenzake wanaingia kidogokidogo, kisha pazia linaondoka na kumbe okestra nzima iko nyuma. Raha tupu!

Mwimbaji Lebo M alipoachia ule wito wa The Lion King, mama mkwe aliacha kuchambua mchele. Tina Guo naye na selo yake, ile fidla kubwa, kwenye Pirates of the Caribbean, we acha tu. Aurora, aliyoitunga Zimmer kwa ajili ya waliouawa kwa risasi kwenye ukumbi wa sinema Colorado, Marekani, mwaka 2012, niliirudia usiku peke yangu.

Kasoro ni kamera, hazitulii. Ndio kwanza unatazama vidole vya Guthrie Govan kwenye gitaa, wameshakurusha kwingine. Na muziki wa filamu ya Interstellar usiusikilizie kwenye simu, besi yote inapotea. Bei imechangamka, ila yangu siazimishi mtu.