Chupa ya chai: ipi ununue isije ikakupasukia ukimimina

Muuzaji yeyote atakwambia chupa yake haipasuki. Wewe muulize jambo jingine: kioo cha ndani kikivunjika, cha kubadilishia anacho? Akianza kuzungusha maneno, irudishe chupa mezani, uende duka la pili.

Msimamo wangu nautoa mapema. Pesa ikitosha, nunua chupa ya chuma yenye ombwe la kweli, yaani nafasi iliyonyonywa hewa kati ya kuta zake mbili. Isipotosha, nunua ya kioo iliyo nzuri na ujifunze kuijaza. Usichonunua kabisa ni ile ya katikati, inayong'aa kama chuma cha maana huku ndani yake hakuna cha maana. Ndiyo imejaa sokoni, na ndiyo inayowafanya watu waseme chupa za siku hizi hazina lolote.

Kwanza, kwa nini kioo hupasuka

Ndani ya chupa ya kioo zimo chupa mbili, moja imevaa nyingine, zimeungana mdomoni tu. Hewa ya katikati imenyonywa, na kuta zimepakwa utando wa fedha unaorudisha joto ndani. Muundo huu haujabadilika sana tangu James Dewar alipoubuni mwaka 1892, na ni wa akili kweli. Lakini kinachoifanya itunze joto ndicho kinachoiponza. Ukimimina chai iliyotoka motoni, kioo cha ndani hutanuka papo hapo, cha nje kikibaki na ubaridi wake. Mkazo mkubwa hukaa shingoni, pale viwili vilipoungana. Pakiwa na mkwaruzo mdogo hata usioonekana kwa macho, ufa huanzia hapo.

Tofauti ya joto ndiyo ya kuiangalia, wala si moto wa chai peke yake. Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100, na chupa iliyolala kabatini ina nyuzi 27 hivi, kwa hiyo tofauti ni 73. Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, lakini asubuhi ya Julai chupa iliyolala jikoni yaweza kuwa na nyuzi 8. Hapo tofauti ni 85. Mtu wa Njombe, Mbeya au Limuru akilalamika kwamba vioo vyake havidumu, asidhani amelogwa. Apashe chupa kwanza.

Kingine ambacho wengi hawakijui: kumimina baridi kwenye chupa ya moto ni hatari kuliko kumimina moto kwenye chupa ya baridi. Kioo huvumilia kubanwa kuliko kuvutwa. Uso wa ndani ukipoa ghafla hutaka kusinyaa wakati unene uliobaki bado umetanuka, basi unavutwa mpaka unaachia. Mwezi wa Ramadhani ndipo utaona hili waziwazi, kwa sababu chupa ileile hubeba uji wa moto wa futari, husuuzwa haraka kwa maji ya bombani, hutiwa juisi yenye barafu, kisha usiku inajazwa chai ya daku. Kama nyumba yako huishi hivyo, nunua chupa mbili, moja ya moto na moja ya baridi, na ya baridi iwe ya chuma.

Nafasi ya kwanza: chuma chenye ombwe

Hii haina kioo, kwa hiyo suala la kupasuka halipo. Kuta zote mbili ni za stenlesi na katikati kuna ombwe. William Stanley alianza kutengeneza chupa za namna hii mwaka 1913, hivyo si kitu kipya. Kilichokuwa kikitukwamisha ni bei. Inamfaa dereva, mkulima, mama lishe anayebeba chai hadi kijiweni, na nyumba yenye watoto. Inamfaa zaidi anayepeleka uji wodini, kwa sababu uji wa mgonjwa hautakiwi hata kukaribiana na chembe ya kioo. Kwa uji chukua yenye mdomo mpana, mkono au brashi iingie, maana uji uliogandia chini huchacha.

Tafuta maandishi ya 304 au 18/8, yaani chuma chenye kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8. Maandishi hayo ni rahisi kughushi, na kipimo cha sumaku kinachopendwa na wauzaji hakikusaidii sana. Stenlesi ya daraja la chini iitwayo 201 nayo haishiki sumaku, na 304 yenyewe ikishakunjwa kiwandani yaweza kuivuta kidogo. Sumaku iache mfukoni.

Kipimo cha kuaminika ni maji ya moto. Omba kujaza chupa pale dukani, funga, zunguka ukitazama bidhaa nyingine kwa dakika kumi, kisha rudi uishike tumboni na chini. Ikiwa ya ubaridi kama ulivyoiacha, ombwe lipo. Joto kidogo shingoni si kosa, ndipo kuta zinapokutana. Ikiwa vuguvugu mwili mzima, hilo ni sufuria lenye kifuniko. Muuzaji anayejiamini hatakunyima maji. Wengine Kariakoo wana birika la umeme pembeni kwa ajili ya chai yao, kwa hiyo kisingizio hakuna.

Udhaifu wake ni kubonyea. Ikianguka vibaya, ukuta wa nje unaweza kugusa wa ndani au kiungo kikaachia, na ombwe likishatoka hakuna fundi wa kulirudisha. Chupa mpya pia huweza kutoa harufu siku za mwanzo. Maji ya moto na kijiko cha soda ya kuokea, iachwe usiku mmoja, basi.

Nafasi ya pili: kioo kinachobadilishika, lita moja

Nairudia sifa ya kwanza: kitako kinafunguka kwa kuzungusha, na kioo chake kinauzwa peke yake karibu na unapoishi. Bila hivyo, unanunua kitu cha kutupwa. Kioo kizuri hakina harufu, hakibadili ladha ya chai ya rangi, na kwa bei yake hutunza joto vizuri kuliko vyuma vingi vya rahisi.

Dukani ichunguze hivi. Itikise taratibu karibu na sikio. Ukisikia kitu kinacheza au kuchakacha, achana nayo. Mulika ndani kwa tochi ya simu: fedha iwe imeenea sawasawa, pasiwe na wingu jeusi wala mstari. Vidoa viwili vitatu vya mviringo vikionekana kwa mbali visikutishe, ni vipande vinavyozuia kuta mbili zisigusane. Kisha fungua kitako. Chini ya kioo utaona kincha kidogo kilichochongoka, pale hewa iliponyonywa na kioo kikazibwa. Kincha kikiwa kimemeguka, ombwe limeondoka hata kama chupa inaonekana nzima. Hakikisha pia kuna mpira shingoni na mto wa mpira unaokipokea kioo chini, kwa sababu kioo kinachogonga plastiki kila ukikiweka mezani hakitafika mbali.

Ule mvumo ambao watu huusikiliza kwa kuweka mdomo wa chupa sikioni haupimi ombwe. Chupa yoyote tupu huvuma, hata ya soda.

Ukikuta boksi limeandikwa kwamba kioo ni borosiliketi, hiyo ni sababu ya kweli ya kuongeza pesa kidogo. Kikipata joto, kioo cha namna hiyo hutanuka takriban theluthi moja tu ya kile cha kawaida.

Kuhusu ukubwa, nunua ule unaoujaza. Chupa ya lita tatu yenye vikombe viwili vya chai hupoa haraka kuliko ya lita moja iliyojaa, tena kioo kirefu kizito ndicho kinachovunjika kwa kusukumwa na kiwiko.

Nafasi ya tatu: ya pampu

Kwa ofisi, kikao cha harusi au msiba wenye watu wengi, hii ni msaada mkubwa: haiinamishwi, mtu anabonyeza tu. Nyumbani siipendi. Mrija wake hauoshwi vizuri, na chai ya maziwa ikikaa humo huchacha bila wewe kuona. Itumie kwa maji ya moto, kahawa au chai ya rangi. Nyingi zina kioo ndani, kwa hiyo masharti ya kujaza ni yaleyale.

Nafasi ya mwisho: stenlesi ya povu

Nje inang'aa, ndani inang'aa, katikati kuna povu au hewa tu. Haipasuki, ni kweli, lakini chai ya saa kumi na mbili asubuhi utaikuta ya uvuguvugu saa nne. Kwa chai ya maziwa hilo si suala la ladha peke yake. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60, kwa sababu chini ya hapo vijidudu hupata nafasi ya kuzaana. Kipimo cha maji ya moto kitaiumbua hapohapo dukani.

Ukishainunua ya kioo

Ipashe. Tia maji ya uvuguvugu hadi robo, zungusha yaguse kuta zote mpaka shingoni, subiri dakika mbili, mwaga, tia ya moto zaidi, mwaga tena. Sehemu za baridi usiruke hatua ya kwanza. Kisha mimina chai taratibu, ukiacha vidole viwili chini ya kizibo. Kizibo kikisukumwa juu ya chupa iliyojaa hadi ukingoni, shinikizo lote humwendea kioo. Sukari koroga kwenye sufuria. Kijiko cha chuma kisiingie humo kamwe, wala barafu ya kudondoshwa, wala soda yenye gesi.

Kuosha, subiri ipoe yenyewe. Madoa ya chai hutoka kwa maji ya uvuguvugu na siki, au soda ya kuokea, na punje za mchele ukitikisa polepole. Mchanga, majivu na stili waya viache kwa masufuria. Mikwaruzo yake ndiyo nyufa za mwezi ujao.

Kioo kikipasuka na chai imo, mwaga yote. Usichuje, hata kwa kitambaa, kwani vipande vyake vyembamba hupita. Kukitoa, vaa glavu au zungushia taulo nene, ushikilie chupa mbali na uso, kwa sababu kioo chenye ombwe lililobaki huweza kulipuka kuelekea ndani na kurusha vigae. Kibebe kilichobaki hadi dukani pamoja na chupa yenyewe: vioo vya lita moja havilingani shingo, na kipimo cha kuambiwa kwa mdomo kitakurudisha sokoni mara ya pili.