Fulana za ndani za sufu ya merino: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Wengi wanaonunua fulana ya merino, yaani sufu laini ya kondoo wa aina hiyo, kwa mara ya kwanza huchukua nzito kupita kiasi. Wanaiwaza baridi ya nje na kusahau joto litakalotoka mwilini mwao dakika kumi tu baada ya kuanza kukimbia au kupanda kilima. Fulana inaloa jasho, na ukisimama kupumzika ndipo baridi inapokupata. Kwa hiyo nimezipanga fulana hizi kwa kufuata jasho, si kipimajoto. Jiulize kwanza utatoka jasho kiasi gani, kisha ndipo uulize kuna baridi gani.

Kabla ya kutazama rangi, geuza fulana usome kitambulisho kilichoshonwa ndani. Unatafuta mambo matatu. La kwanza ni uzito wa kitambaa, yaani gramu kwa kila mita ya mraba: 120 hadi 160 ni chepesi, karibu 200 ni cha kati, 250 na kuendelea ni kizito. La pili ni unene wa unyuzi, unaopimwa kwa maikroni, ambayo ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Fulana nzuri za kuvaa juu ya ngozi huwa na nyuzi za maikroni 17 hadi 19 hivi, wakati unywele wa binadamu mara nyingi huzidi 50. Hapo ndipo ilipo siri ya sufu isiyowasha: unyuzi mnene, wa maikroni 30 na zaidi, haupindi ukigusa ngozi bali huidunga kwa ncha yake, ule mwembamba hujikunja. Anayesema hawezi kabisa kuvaa sufu huenda aliwahi kuvaa ile nene tu. La tatu ni asilimia ya merino yenyewe, na hapa usiamini maandishi makubwa ya mbele. Fulana yenye merino kidogo na akriliki (nyuzi za plastiki) nyingi inaweza kuuzwa kwa jina hilohilo.

Ya kwanza: merino nyepesi yenye nailoni, gramu 140 hadi 160

Kama utanunua moja tu, nunua hii. Katika fulana bora za aina hii sufu husokotwa kuzunguka uzi mwembamba wa nailoni, hivyo kinachogusa ngozi ni merino na kinachobeba mvutano ni nailoni. Merino huwa asilimia 85 hadi 90 hivi. Icebreaker ya New Zealand na Smartwool ya Marekani zote zina fulana za namna hii.

Nimeiweka mbele ya merino tupu kwa sababu moja: merino tupu ikiwa nyembamba hutoboka. Mikanda ya begi la mgongoni huisugua mabegani, mkanda wa kiunoni huisugua nyonga, na vitundu huanza kujitokeza mahali hapohapo. Nailoni kidogo huahirisha hilo bila kuondoa faida za sufu. Na faida zenyewe si maneno ya wauzaji. Sufu hunyonya mvuke wa jasho ndani ya unyuzi, hadi karibu theluthi ya uzito wake, kabla hujahisi umaji. Poliesta hunyonya chini ya asilimia moja. Tena sufu hutoa joto kidogo inaponyonya mvuke huo, ndiyo maana ukiacha kutembea hutahisi ubaridi wa ghafla kama ule wa pamba iliyolowa. Kuhusu harufu, tofauti ni kubwa kiasi kwamba watu hudhani inatiwa chumvi. Poliesta hushika mafuta ya mwili na harufu yake; merino ukiitundika usiku penye hewa, asubuhi unaivaa tena bila kuwaomba radhi wenzako.

Ya pili: merino tupu, gramu 180 hadi 200

Hii ni ya matembezi ya siku kadhaa kwenye ubaridi, ya mwendo wa wastani, na ya kulalia. Kitambaa kikifika uzito huu kinajitegemea hata bila nailoni. Ni laini zaidi na huvaliwa hata peke yake bila kuonekana kama nguo ya ndani. Chagua yenye zipu fupi kifuani: ukipanda mlima unaifungua, ukifika juu unaifunga, na zipu hiyo hukupa nafasi ambayo fulana mbili za kola ya mviringo hazikupi.

Udhaifu wake ni kukauka. Ikiloa hasa, hukauka polepole kuliko poliesta, na mtu anayetoka jasho jingi atailowesha kabla ya saa moja kwisha.

Ya tatu: nusu merino, nusu poliesta

Ni ya wakimbiaji na waendesha baiskeli wanaochuruzika jasho hata kwenye baridi. Hukauka upesi, hudumu, na bei huwa nafuu kidogo. Harufu inarudi mapema kuliko kwenye merino tupu, lakini kama unafua kila baada ya mazoezi hilo halina uzito. Hapa nitasema jambo ambalo wapenzi wa sufu hawalipendi: kwa mazoezi ya saa moja yanayoishia bafuni, poliesta tupu inatosha kabisa. Merino hulipa gharama yake pale ambapo hutaweza kubadili nguo.

Ya nne: fulana ya wavu

Inachekesha kwa sura, na ningeiweka juu zaidi kama watu wangekubali kuivaa. Wazo ni la Mnorway Henrik Brun, aliyetengeneza fulana ya namna hii mwaka 1933 kwa nyavu za kuvulia samaki. Matundu hushika hewa, na hewa iliyotulia ndiyo inayohifadhi joto. Ukifungua koti, joto na mvuke hutoka mara moja kwa sababu kitambaa kinachogusa ngozi ni kidogo. Brynje ya Norway bado inauza za sufu. Kwa anayepanda akiwa na mzigo mzito kwenye baridi kali, hakuna inayomwacha mkavu zaidi. Sharti lake ni kuvaa fulana nyingine juu yake, na mikanda ya begi inaweza kukuchora miraba mabegani.

Ya tano: nzito, gramu 250 na zaidi

Si mbaya, ni ya kazi nyingine. Ni ya kukaa: kuvua samaki kwenye barafu, kutazama ndege alfajiri, kusimama kambini. Woolpower ya Sweden hufuma sufu yake kwa vitanzi vinavyoshika hewa, na kwa kukaa tuli ni nzuri sana. Ukikimbia nayo utajuta. Hata kwa baridi kali, nyepesi mbili zikivaliwa pamoja mara nyingi hushinda nzito moja, kwani moja unaweza kuivua.

Ya kuacha dukani ni ile isiyoandika uzito wala asilimia popote.

Ukiijaribu, ilale juu ya ngozi bila kukubana pumzi. Ikiwa na nafasi kubwa kwapani au mgongoni, jasho halitafika kwenye kitambaa. Inama uone kama kiuno kinabaki kimefunikwa. Pitisha kidole begani: mshono usikae pale utakapopita mkanda wa begi, na uwe bapa.

Wanaojali kondoo waulize pia sufu imetoka wapi. Australia ndiyo mzalishaji mkubwa wa merino, na huko baadhi ya wafugaji hukata ngozi ya mwanakondoo karibu na mkia ili inzi wasitage mayai hapo. New Zealand ilipiga marufuku ukataji huo mwaka 2018, na alama ya RWS (kiwango cha kimataifa cha sufu inayozalishwa kwa uwajibikaji) kwenye kitambulisho nayo hairuhusu.

Merino nyingi za michezo zimetibiwa ili zisirudi zikifuliwa, hivyo mashine inaruhusiwa: maji ya nyuzi 30, sabuni ya sufu, bila kilainisha nguo. Ianike imelala, maana ikitundikwa na maji huvutika. Kabla ya kuiweka kwa miezi, ifue kwanza kisha uifunge kwenye mfuko, kwani viwavi wa nondo hupenda zaidi sufu yenye jasho.

Suruali ya ndani inaweza kusubiri. Miguu inayotembea hujipasha joto yenyewe, na fedha hiyo ni afadhali uiweke kwenye fulana ya pili nyepesi, ya kuvaa moja wakati nyingine inapigwa upepo.