Karatasi au visahani? Siku ya shabaha na marafiki Arusha

Kundi letu la Sakina likipanga siku ya shabaha, ubishi huwa mmoja: bunduki ya .22 au shotigani, ile inayofyatua chembe nyingi kwa mkupuo?

Ya .22 ni ya watu wenye subira. Risasi yake ina kipenyo cha milimita 5.6 hivi, mlio wake ni mdogo, na bega halipati kipigo. Kwenye mashindano ya kimataifa ya mita 50, duara la alama kumi lina upana wa milimita 10.4 tu, kwa hiyo ukihema vibaya umetoka nje. Anayeshika bunduki kwa mara ya kwanza aanzie hapa, maana tundu linabaki kwenye karatasi na kosa linaonekana lilipoelekea. Kasoro yake? Wanaosubiri zamu huanza kuchati kwenye simu.

Shotigani ni kelele na vicheko. Kisahani cha udongo cha milimita 110 kinarushwa, unakifuata na kufyatua mbele kidogo ya njia yake, maana ukilenga kilipo sasa kitakuwa kimeshapita. Kikivunjika, wote wanashangilia. Ila bega litakukumbusha kesho yake, na katriji za geji 12 (kipimo cha mtutu wa shotigani) ni ghali kuliko risasi za .22.

Asubuhi ya Julai, ukungu ukifunika Meru, visahani havionekani vizuri. Hapo karatasi inashinda. Mchana mimi nachagua shotigani.

Vizuia kelele vya masikio na miwani ni lazima kwa zote mbili. Umiliki nao uko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, kwa hiyo usiazime bunduki ya shemeji.